Kuwinda uwandani: ni haki yangu au ni fadhila ya Serikali?

Swali: Assalamu alaikum, Mzee Wakili. Mimi ni kijana wa Muyuni, Kusini Unguja. Babu yangu alikuwa msasi, na baba yake vilevile. Walikuwa wakiingia uwandani na mbwa na nyavu, wakipata paa, na mwahala nguruwe walipozidi kwenye makonde wakiitwa wao. Juzi mimi na wenzangu tulisimamishwa na walinzi wa msitu pamoja na watu wa kamati ya shehia. Tulikuwa hatujapata hata kitu. Wakachukua nyavu zetu, na mmoja wao akasema, "Kuwinda si haki yenu, ni fadhila tu, na fadhila imekwisha." Mtoto wa ami yangu anaishi Marekani, anasema huko kuwinda kumo ndani ya katiba. Na maalim wetu anasema mnyama wa mwituni ni halali ya aliyemuwahi. Sasa ni haki au ni fadhila? Na nguruwe wanaomaliza muhogo wetu tuwafanye nini?

Jibu: Wa alaikum salaam, mwanangu. Nitaanza na jibu lenyewe, maana najua ndilo unalolisubiri: kwa sheria zilivyo Zanzibar hivi leo, kuwinda si haki unayoweza kuidai mahakamani. Ni jambo linalohitaji ruhusa. Lakini huyo aliyekwambia ni fadhila naye amekosea, na kosa lake ni kubwa pengine kuliko lako, kwa sababu ruhusa inayotoka kwenye sheria haiwi hisani ya mtu aliyevaa sare. Karibu kila kitu kinachokuhusu kimo katikati ya maneno hayo mawili.

Tuanze na babu. Unapomtaja, wewe unaona alikuwa na haki ambayo wewe umenyang'anywa. Mimi naona alikuwa na kitu chengine. Mwaka 1913 mwanasheria mmoja wa Marekani, Wesley Hohfeld, aliandika makala ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo, na sehemu yake moja yatosha kwa kesi yako. Haki kamili, alisema, siku zote ina mdaiwa. Nikikuuzia karafuu nina haki ya kulipwa, na wewe una wajibu wa kunilipa, ukikataa nakushitaki. Uhuru ni kitu chengine. Nina uhuru wa kupita njiani, kwa maana hakuna aliyenikataza, lakini hakuna anayewajibika kuhakikisha kwamba njia haitofungwa kesho.

Babu yako alikuwa na uhuru wa namna hiyo. Alipoingia uwandani hakuna aliyemzuia, na paa aliyemkamata akawa wake. Lakini hakuna mtu wala Serikali iliyokuwa na deni la paa kwake. Paa wakipungua, hakuwa na wa kumshitaki. Mwengine akimtangulia, basi ndiyo ilikwisha. Uhuru kama huo hudumu maadamu sheria imenyamaza. Sheria ikisema, uhuru huo unakoma, tena bila ya fidia, kwa sababu hakuna mali ya mtu iliyochukuliwa. Tafauti na mti. Hapa kwetu mti unaweza kuwa wa mtu hata kama ardhi iliyo chini yake si yake. Mnazi au mkarafuu wako ukikatwa kupisha barabara unaweza kudai. Paa aliye mwituni hana mwenyewe wa namna hiyo.

Hapo ndipo maalim wako anapoingia, na maneno yake ni sahihi mahali pake. Katika fiqhi mnyama wa mwituni ni mubaha, yaani ruhusa kwa kila mtu, na anayemkamata ndiye anayemmiliki. Aya ya 4 ya Suratul Maida imehalalisha hata kile wanachokukamatia wanyama wa kuwindia uliowafundisha, ukilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Na sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua namna ya kuosha palipoguswa na mdomo wa mbwa. Lakini maalim amejibu suala la nyama: ukimla utapata dhambi au hupati. Hakujibu kama Serikali yaweza kuweka mpaka. Samaki naye ni halali, na hakuna maalim anayefundisha kwamba kwa hiyo baruti inaruhusiwa au kwamba kwenye hifadhi ya bahari kila mtu atie nyavu. Mahakama ya Kadhi ikisikiliza talaka, mirathi na malezi ya watoto inatumia fiqhi. Kesi ya paa itakwenda mahakama ya kawaida, na hakimu atafungua sheria ya Baraza la Wawakilishi.

Sheria hiyo ni Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu, Namba 10 ya 1996. Jina lake ni la misitu lakini wanyamapori wamo. Inaipa Serikali uwezo wa kutenga hifadhi, wa kulinda aina za mimea na wanyama, na wa kuweka vibali kwa matumizi. Na ilileta jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya kwetu: wanavijiji wenyewe kuingia mkataba na Serikali wa kusimamia msitu wao. Nitarudi kwenye mkataba huo, kwa sababu ndiyo silaha yako ya kweli.

Kwanza niondoe vumbi moja. Vijana wengi husoma kwenye simu habari za vitalu vya uwindaji, leseni za wakaazi na watalii wa bunduki, wakadhani ndizo sheria zetu. Hizo ni za Tanzania Bara. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009 inatumika Bara tu. Wanyamapori si jambo la Muungano. Leseni ya kule haivuki bahari. Sheria hiyo hata hivyo ina kitu cha kutazama: imezitambua jamii za asili ambazo chakula chao kinategemea wanyama wa mwituni, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ndio mfano unaotajwa kila mara. Hata hao sheria haikuwaambia "ni haki yenu ya kuzaliwa." Imewafungulia mlango wa ruhusa maalumu. Ikiwa Mhadzabe, ambaye kuwinda ndiyo maisha yake, anapita mlango wa ruhusa, basi ujue hoja ya mila peke yake ina uzito gani.

Sasa Marekani. Mtoto wa ami yako hakusema uongo. Jimbo la Vermont liliweka uhuru wa kuwinda na kuvua ndani ya katiba yake mwaka 1777, na leo majimbo zaidi ya 20 yana vifungu vya aina hiyo, vingi vikiwa vimepigiwa kura miaka ya karibuni. Ila muulize kama jirani yake anaingia porini bila ya leseni. Haingii. Vifungu hivyo karibu vyote vinaacha nafasi ya sheria kuweka misimu, idadi na ada. Na hiyo ni katiba ya jimbo. Kwenye katiba ya nchi nzima hakuna haki hiyo: mwaka 1978 wawindaji wa nje ya jimbo la Montana walilalamika kwamba wanatozwa ada kubwa mno kuliko wenyeji kwa ajili ya kuwinda kulungu wakubwa wa kule, na Mahakama ya Juu ikasema kuwinda kwa starehe si miongoni mwa mambo ya msingi ambayo kila raia lazima atendewe sawa popote aendapo. Kwa hiyo hata kule kwenye nchi ya bunduki, haki yenyewe imefungwa kamba.

Kesi inayofanana na yako zaidi ni ya Uingereza, maana ilihusu mbwa. Sheria ya 2004 ilipiga marufuku kuwinda wanyama kwa kundi la mbwa katika England na Wales. Wawindaji walikwenda mahakamani na hoja ambazo ningezitarajia Muyuni: hii ni mila ya vizazi, ndiyo inayotukusanya, mbwa ni mali yetu, mnaingilia maisha yetu. Walishindwa mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi yao mwaka 2007, na walishindwa tena Strasbourg, mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2009. Majaji hawakusema mila hiyo ni upuuzi. Walisema shughuli inayofanywa hadharani, na watu wanaoweza kuishi bila ya hiyo, haiwi sehemu ya maisha ya faragha yanayolindwa, na kwamba Bunge lina haki ya kuamua.

Je, hakuna pahala popote ambapo mwindaji ameshinda? Wapo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Botswana iliamua kwamba Serikali ilivunja sheria ilipowanyima Wabasarwa, wenyeji wa asili wa Kalahari, leseni zao maalumu za kuwinda. Na hapa Afrika Mashariki, tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliwapa ushindi Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Serikali ya Kenya. Ilitambua kwamba wao ni watu wa asili wa msitu ule, kwamba kuwatoa kulivunja haki zao za ardhi, utamaduni na rasilimali, na haikukubali kwamba wao ndio walioharibu Mau.

Ukisoma kesi ya Waogiek utashawishika kusema, "Basi na sisi watu wa Kusini." Nakuelewa. Lakini jiulize maswali atakayokuuliza wakili wa Serikali. Mnaishi kwa kuwinda, au mnaishi kwa kuvua, kulima, mwani na kazi za mahoteli, na kuwinda ni nyongeza? Kuna mtu atakayelala na njaa Muyuni kwa kukosa paa? Tena kuna jambo la mlango wenyewe: mwezi Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuiondoa ile idhini iliyokuwa ikiwaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo ya Arusha. Mahakama iko nchini mwetu, na mwananchi wa nchi hii hawezi kuifungulia kesi mpya mwenyewe dhidi ya nchi yake. Linanikera, nalisema wazi, lakini ndivyo lilivyo. Nisingemshauri mtu auze ng'ombe kwa ajili ya kesi hiyo.

Na upande wa pili wa mezani yupo paa mwenyewe. Paa nunga, yule mwekundu mwenye mstari mweupe mapajani, duniani yupo Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya basi. Alipungua hapa kwetu mpaka wengine wakachukuliwa wakapelekwa kisiwani Chumbe ili wapate pa kusalia. Nyavu yako haimjui paa nunga wala haimjui paa mwengine, humnasa aliyepita. Tanzi ndiyo mbaya zaidi. Walinzi wanapoona nyavu uwandani hawaangalii nia yako, wanaangalia kitakachonaswa.

Tena tusijidanganye kwamba kuwinda kwetu siku zote kulikuwa kwa kiasi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chui wa Unguja alisakwa kwa kampeni, kwa sababu watu waliamini kwamba wachawi wanawafuga, na Serikali ikiwa nyuma yake. Leo ukitaka kumuona chui wa Unguja nenda kamtazame aliyekaushwa makumbusho. Pemba mambo yalikwenda njia nyengine. Popo wakubwa wa Pemba walipigwa kwa bunduki mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa kwamba watakwisha kabisa; vijiji vikaamua kuwalinda, Kidike ikawa mahali pa kupeleka wageni kuwatazama, na sasa wanahesabika kwa maelfu kwa maelfu. Watu wa Kidike hawakushinda kesi yoyote. Walishika usimamizi.

Sasa turudi kwa yule aliyesema fadhila. Fadhila ni kitu anachokupa mtu akipenda na kukunyima akinuna. Kibali cha kisheria hakiendi hivyo. Ofisa anayetoa vibali amepewa kazi hiyo na sheria, kwa sababu maalumu, na lazima aitumie kwa sababu hizo. Hawezi kumpa mgeni mwenye bunduki na kumnyima mwenyeji kwa sababu tu huyu ni mwenyeji. Hawezi kukataa bila ya kusikiliza. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa mtu nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufaa, pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Ibara ya 12 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakwenda njia hiyohiyo. Kesi ya Botswana niliyoitaja, sehemu ya leseni, ilishinda hasa kwa hoja kama hii: kibali si haki, lakini kukinyima kiholela ni kuvunja sheria.

Kwa hiyo kuwinda kwako si haki, ila una haki nyingi zinazouzunguka uwindaji huo. Una haki ya kuambiwa ni kifungu gani umekivunja. Una haki ya kutopigwa. Nyavu zako ni mali, na Ibara ya 17 ya Katiba ya Zanzibar inalinda mali ya mtu. Zinaweza kushikwa kama ushahidi, lakini kushika ni jambo moja na kuzipoteza ni jambo jengine. Palipaswa kuwa na maandishi yanayoonesha kilichochukuliwa, nani kachukua na kwa sababu gani. Kama hukupewa, anza hapo. Andika barua kwa ofisi ya misitu ya wilaya, nakala kwa sheha, utaje siku, mahala, vitu vilivyochukuliwa, na uombe ama urejeshewe ama ufikishwe mahakamani. Watu wetu wanaogopa sentensi hiyo ya mwisho. Mimi naiona ndiyo yenye kuheshimiwa zaidi, ila ikiwa ulikuwa ndani ya hifadhi, usiiandike. Hapo zungumza na mtu wa sheria kwanza. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina wasaidizi wa sheria majimboni, na hawatakutoza kwa ushauri.

Kisha uliza kama shehia yenu ina ule mkataba wa usimamizi wa msitu wa jamii. Kama upo, una ramani na masharti: sehemu gani imefungwa kabisa, sehemu gani ya kuni, sehemu gani ya mavuno yenye mipaka. Mkataba huo ulitiwa saini kwa niaba yako. Una haki ya kuusoma, na nashangaa jinsi watu wanavyogombana na kamati miaka nenda miaka rudi bila ya kuuona. Pengine uwanda mliosimamishwa umo katika eneo lililofungwa, na mabishano yakaisha. Pengine haumo, na kamati imejipa madaraka isiyokuwa nayo. Kamati hizo zina uchaguzi wake na mikutano yake, na wasasi ni nadra kwenda; wanakwenda wenye hoteli na wenye miradi, halafu wasasi wanalalamika kwamba masharti hayawafai.

Nguruwe. Huyu haliwi na Muislamu, lakini yeye anakula muhogo wa Muislamu, na hapa nipo upande wako kabisa. Kulinda konde ni suala tafauti na kuwinda paa, na hata wahifadhi wanalijua hilo. Wasasi wa Kusini wamekuwa wakiitwa kusaka nguruwe kwa sababu ya mazao, na ombi la aina hiyo ndilo lenye nafasi nzuri ya kukubaliwa: likitoka kwa sheha na wakulima kwa pamoja, likitaja makonde yaliyoharibiwa, likitaja siku ya msako, nani atakuwepo na mbwa wangapi, na kwamba hamtotumia matanzi wala sumu. Sumu ninaisisitiza. Inaua mbwa wa jirani, inaua ngawa, inaua mtoto.

Usiunganishe ombi hilo na kima punju. Najua anakula nazi changa na anachokoza, hasa kwa watu wa Pete na Jozani, lakini yeye analindwa, yupo Unguja peke yake kwa asili, na wakulima wa huko walipigania njia nyengine: sehemu ya mapato ya wageni wanaokuja kumtazama irudi vijijini. Ugomvi kuhusu kiasi kinachorudi na nani anakishika bado upo, na ni ugomvi halali. Ukimuua kima punju ukasema alikula nazi zako, hakimu atakuuliza ulipeleka malalamiko wapi.

Kuhusu bunduki sitasema mengi, kwa sababu hukuniuliza. Ila kama katika kundi lenu yupo mwenye ya kuazima, aibakishe nyumbani. Kosa la silaha lina sheria yake na adhabu yake, na likiunganishwa na la msitu, kesi ya nyavu iliyokuwa ya kuzungumzika inakuwa kitu chengine kabisa.

Barua ya nyavu iandike wiki hii, kabla watu hawajasahau nani alikuwepo. Ya nguruwe subiri mpaka umekaa na sheha na wenye makonde, maana saini zao ndizo zitakazoifanya isomwe. Na unapokwenda kuomba kuusoma mkataba wa msitu, nenda na mtu mzima mmoja wa wasasi wa zamani. Kamati nyingi hazijawahi kukaa na kumuuliza mtu kama yeye paa walikuwa wakipita wapi na nguruwe wanazalia wapi, na taarifa hizo zina thamani kwao kuliko unavyodhani.